MREJESHO: Injini ya boti iliyokuwa inafoka moshi, kipimo cha oili na petroli

Wakuu habari za muda, nimerudi na mrejesho. Kwa ambao hawakuona, niliuliza kuhusu injini ya boti ya tu-stroki (ile ambayo oili inachanganywa kwenye petroli), nguvu ya farasi 40, tuliyonunua mtumba hapa Kilwa, ilikuwa inatoa moshi mzito wa bluu, plagi zinalowa, asubuhi inagoma kuwaka na fundi anasisitiza tuongeze oili ndo idumu.

Basi tumefuata ile 50 kwa 1 mliyosema (petroli sehemu 50, oili sehemu 1), yaani petroli lita 20 oili mililita 400, tunapima kwa chupa yenye alama sio kwa macho, na oili ni ya boti yenye maandishi TC-W3 maana injini inapozwa na maji, ile ya pikipiki tumeachana nayo kabisa. Tunaanza na oili na petroli kidogo, tunatikisa dumu, ndo tunajaza iliyobaki.

Moshi umepungua sana jamani! Plagi mpya nimezichomoa zina rangi ya chai ya maziwa, safi, ila ya silinda ya chini bado nyeusi kidogo, nahisi ni kabureta, tutaifungua. Na mnaopunguza oili kubana matumizi, tafadhali acheni, oili ikiwa kidogo pistoni inakufa, na bei yake mnaijua.

Asanteni sana wakuu.