Malindi: krenki za Land Rover za zamani mnazisaga au mnazichinja?

Jamani, uzi huu ni wa hasira, na wahusika watajijua.

Krenki (mhimili unaozungushwa na pistoni ndani ya injini) ya Land Rover Series ya lita 2.25 inapelekwa kusagwa, inarudi inang'aa kama sufuria ya harusi. Sasa pitisha kucha pale shingo (sehemu ya duara inayozunguka ndani ya beringi) inapokutana na bawa, yaani ubao wa chuma wa pembeni yake. Kona kali! Kiwanda kiliacha mviringo pale, na mviringo ule si urembo. Shingo hupindwa kidogo kila mzunguko, mkazo wote hukimbilia kwenye kona. Ikiwa kali, ufa huanzia hapo hapo kimyakimya, hadi siku krenki inakatika na bloku inaondoka nayo. Kinga yake ni kazi ndogo: kuchonga pembe za jiwe la kusagia kwa almasi zilingane na mviringo ule kabla jiwe halijagusa chuma. Nani anachonga hapa mjini?

Halafu mnawaahidi watu kutuni, yaani kuongeza nguvu ya injini! Injini hizo hadi 1980 zilikuwa na beringi kuu tatu, ndipo zikaja za beringi tano. Ile ya beringi tatu ukiizungusha sana, krenki inacheza katikati kama kamba ya kuruka. Kutoka mizunguko 4000 hadi 6000 kwa dakika, nguvu za kurusha haziongezeki kwa nusu, zinafika mara 2.25. Na bado mtu anachukua grainda ya mkono anakata mabawa "yawe mepesi". Bila balansi? Krenki ibalansiwe kwanza peke yake, kisha pamoja na flaiwili (gurudumu zito la mwisho wa krenki) na kava ya klachi, zitiwe alama zirudi vilevile. Konrodi (vyuma vinavyounganisha pistoni na krenki) na pistoni zipimwe kwenye mizani zilingane.

Matundu ya oili nayo! Midomo yake huachwa na makali yanayokwangua beringi mpya. Ilainishwe. Njia za ndani zisuguliwe kwa brashi ndefu na petroli, zipulizwe hewa. Unga wa jiwe ukibaki humo, beringi haimalizi wiki. Shingo ya konrodi ni ya milimita 58.7, mwanya wa 0.04 hadi 0.06 unatosha. Pimeni kwa maikromita, si kwa kutikisa konrodi na kusema "iko sawa".

Kujazia shingo kwa welding sitaki hata kuijadili.

Na chumvi ya bahari: krenki iliyosagwa haiachwi wazi mezani usiku kucha. Ipakwe oili, ifungwe nailoni, isimamishwe wima.

Jibu la 1: Mkuu, mashine zenyewe ni kuukuu, fundi afanyeje?

Mwenye uzi: Ukuukuu wa mashine haumzuii mtu kuchonga jiwe, kaka. Na kabla ya kulipa, ilazeni krenki kwenye vyuma viwili vyenye mkato wa V, saa ya kupimia iwekwe shingo ya katikati, muizungushe taratibu. Sindano ikicheza zaidi ya milimita 0.05, hiyo imepinda, isifungwe.

Jibu la 2: Ongezea washa za pembeni, zile zinazoizuia krenki kusogea. Krenki ikisogea mbele na nyuma zaidi ya milimita 0.15, washa nene zipo, ziagizwe.