Acheni kutufundisha getcwd kama njia ya moduli kujua iko wapi, mnatuharibia data

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sifichi. Rekodi zangu za wiki tatu zimegawanyika sehemu mbili, na chanzo ni mstari mmoja niliokopi kwenye mafunzo ya Python yanayosambazwa kila kona. Nilichotaka kilikuwa kidogo tu, moduli yangu (yaani faili langu la msimbo wa Python) ijue jina lake na folda iliyomo. Jibu nililokutana nalo tena na tena: tumia os.getcwd.

Jamani hilo jibu si kweli. getcwd haikwambii faili lako liko wapi, inakwambia aliyeiita programu alikuwa amesimama wapi, na hivyo ni vitu viwili tofauti kabisa, sema siku ya kwanza vinafanana kwa sababu unakuwa umeingia kwenye folda hiyohiyo ya mradi na unaendesha hapohapo, unaona imekubali, unaendelea na mengine.

Kilichonikuta mimi ni hiki. Skripti inafungua databesi ya sqlite kwa njia ya faili (path) iliyoungwa na getcwd. Nikiiendesha kwa mkono safi kabisa. Nikaikabidhi kwa cron, kile kipanga ratiba cha Linux, iwe inajiendesha usiku, na cron kawaida inaanzisha kazi kwenye folda ya nyumbani ya mtumiaji, sio kwenye folda ya mradi. Sasa sqlite ukiipa jina la faili ambalo halipo haipigi kelele, inakutengenezea jipya, tupu. Na mimi nilikuwa na CREATE TABLE IF NOT EXISTS mwanzoni, kwa hiyo majedwali nayo yakazaliwa upya kimyakimya. Usiku inaandika huku, mchana nikiiendesha mwenyewe inaandika kule, wiki tatu, na kwenye logi hakuna kosa hata moja! Nimekuja kushtuka jumla hazifungi. Kuunganisha databesi mbili ambazo ID zote zimeanzia 1, na majedwali mengine yanazitegemea hizo ID, ni kazi simtakii mtu yeyote.

Na dawa ni fupi vilevile: Path(__file__).resolve().parent. Basi. __file__ ni njia ya faili la moduli yenyewe, haijali nani kaiita akiwa folda gani. Kama bado uko kwenye Python ya kabla ya 3.9 ichukue juu kabisa ya faili kabla hujaita chdir (amri ya kuhama folda), maana faili uliloanzisha moja kwa moja linaweza kupewa njia isiyoanzia kwenye mzizi, ukihama folda kwanza ndo uitafute unaangukia pasipo na kitu. Kuna wanaosema sys.argv[0]. Hapana, hiyo ni ya programu iliyoanzishwa, moduli yako ikiimpotiwa na programu nyingine utasoma njia ya mwenzako ukidhani ni yako.

Kwenye jina nako ni hivyohivyo. Wanakwambia __name__ ndo jina la moduli, hawamalizii. Ukiiendesha moja kwa moja jina linageuka "__main__", la kwake halionekani tena, na moduli nyingine ikija kuiimpoti kwa jina lake halisi Python inaipakia mara ya pili kama vile haijawahi kuiona. Unakuwa na nakala mbili kwenye programu moja, kigeugeu ulichobadilisha upande mmoja upande wa pili hakijabadilika, na isinstance, inayokagua kitu ni cha klasi gani, inakataa kitu ambacho kwa macho yako ni cha klasi hiyohiyo. Hili limenilia siku mbili nzima. Ukianzisha kwa python -m angalau __spec__.name inabaki na jina la kweli, ukianzisha kwa njia ya faili __spec__ ni None, usihangaike nayo.

Na sio Python peke yake. Kwenye Bash, lugha ya skripti za terminal, wanafundisha $0, wakati skripti ikiitwa kwa amri ya source, $0 inaonyesha aliyeita, inayotakiwa ni BASH_SOURCE[0]. Kwenye Node, inayoendesha JavaScript nje ya kivinjari, moduli mpya za import hazina __dirname (njia ya folda ya faili), watu wanachukua import.meta.url wanakata "file://" kwa mkono, siku folda ikiwa na nafasi kwenye jina wanapata %20 na faili halipatikani, wakati fileURLToPath ipo na imetengenezwa kwa kazi hiyohiyo.

Aliye na mafunzo yake mtandaoni yenye getcwd sehemu hiyo naomba ayafungue leo aubadilishe huo mstari, na aandike wazi juu kabisa kwamba ulikuwa na kosa, kwa sababu waliokwisha kuukopi hawatajua chochote mpaka hesabu zao zigome kama zangu.