Shupaza 4 na pointi 7: nimepandisha hadi 2 tukakosa gemu, kosa ni langu au ni la Acol?

Kisauni_Kadi:
Habari za usiku wadau, naombeni mawazo yenu manake jana sijalala vizuri kwa ajili ya mkono mmoja tu. Mimi nacheza bridji mtandaoni pale BBO na ami yangu, yeye alijifunza mchezo Uingereza enzi akifanya kazi huko kwa hiyo tunatumia Acol ya kawaida kabisa, ule mfumo wa Kiingereza wa kunadi, yaani kopa au shupaza unafungua hata ukiwa nazo 4, na 1 bila turufu ni pointi 12 hadi 14.

Sasa jana tulikuwa kwenye mechi ya timu, pande zote valnerabo, yaani bonasi na adhabu zote ni kubwa. Ami akafungua 1 shupaza, wa kulia kwangu akapasi, mimi nimeshika hivi:

Shupaza: bibi, 9, 6, 3
Kopa: 5
Uru: ree, ghulamu, 8, 4, 2
Pau: 10, 7, 5

Nikahesabu, ree 4, bibi 2, ghulamu 1, jumla 7. Karatasi yetu ya makubaliano inasema 6 hadi 9 pandisha hadi 2, 10 hadi 12 pandisha hadi 3. Nikasema 2 shupaza, yaani ahadi ya mizunguko 8. Wapinzani kimya, ami kapasi. Yeye alikuwa na shupaza ree, mfalme, 8, 7, 4, kopa ree, 7, 3, 2, uru 6, 3 na pau mfalme, 4. Kacheza taratibu, zile kopa zake tatu ndogo zote kazikata kwa turufu mezani kwangu, akapoteza uru moja na pau mbili basi, mizunguko 10. Tukaandikiwa 170. Meza ya pili wenzao walikuwa 4 shupaza, ndiyo gemu, mizunguko 10 na bonasi juu, 620. Impi 10, zile pointi za mechi ya timu, zimekwenda hapo hapo na mechi tumeipoteza kwa impi 4.

Ami asubuhi kanipigia simu, hakunilaumu hata kidogo, kasema tu "mwanangu hukufanya kosa, ulisema kilichoandikwa". Na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Rafiki yangu mmoja ananiambia tuachane na Acol twende 2/1 kama wanavyocheza Marekani, ati gemu kama hii isingetupita. Je ni kweli? Na ni haki kumwambia mzee wa miaka 70 na kitu abadilishe mfumo aliocheza maisha yake yote?

---

Shupaza_Tisa:
Pole sana ndugu, ila nikwambie ukweli mkono huu si wa 2, ni wa 3 shupaza na sisiti hata kidogo.

Ile hesabu ya 4-3-2-1 inafanya kazi vizuri kwenye mikono iliyolingana, hasa mkicheza bila turufu. Ukishapata turufu za kutosha na mwenzako, umbo la mkono ndio linaanza kusema. Jaribu kuhesabu karata za kupoteza badala ya pointi. Kila aina unaangalia karata tatu za juu tu, ukikosa ree, mfalme au bibi hiyo ni moja ya kupoteza. Wewe shupaza una bibi tu kwa hiyo 2, kopa una moja peke yake na si ree kwa hiyo 1, uru una ree 2, pau 3. Jumla 8. Mtu anayefungua mkono wa kawaida tunamkadiria 7. Unajumlisha 8 na 7 unapata 15, unatoa kwenye 24, zinabaki 9, na mizunguko 9 ndio 3 shupaza. Sasa angalia wa ami yako, shupaza 1, kopa 2, uru 2, pau 1, jumla 6. Angesikia 3 angejua ana moja pungufu kuliko kawaida, angekwenda 4 bila kuumwa kichwa.

Sasa linganisha na mkono huu: shupaza bibi, 9, 6, 3, kopa bibi, ghulamu, 5, uru ghulamu, 8, 4, pau ghulamu, 7, 5. Nao una pointi 7 zile zile na shupaza zile zile nne, lakini karata za kupoteza ni 10! Huo ndio mkono wa 2 shupaza. Karatasi yenu inaita mikono hii miwili kwa jina moja, hapo ndipo shida ilipo.

---

BintiLamu:
Nakubaliana na Shupaza_Tisa, niongeze kidogo tu kwa sisi wa pwani. Tuliokua tunacheza wahedi wa sitini na wazee barazani tumezoea kwamba pointi ndio mali yenyewe. Ree 11, saba 10, mfalme ndio mzungu wa nne, ghulamu mzungu wa tatu, bibi mzungu wa pili, unazikusanya mpaka zifike 61 umeshinda. Kwenye bridji hakuna anayekulipa pointi, unalipwa mizunguko, na kopa 5 iliyo peke yake inaweza kukupa mizunguko zaidi kuliko mfalme. Mimi ilinichukua muda mrefu sana kuliacha lile zoea la kukusanya.

Kuhusu 2/1, huyo rafiki yako amekosea. 2/1 maana yake ni kwamba mwenzako akifungua 1, wewe ukajibu aina mpya kwenye ngazi ya 2, basi hakuna kusimama kabla ya gemu. Sasa wewe ulikuwa unampandisha shupaza zake mwenyewe, hiyo kanuni inaingiaje hapo? Kinachobadilika ni kwamba wa 2/1 kawaida anafungua shupaza akiwa nazo 5, kwa hiyo ungejua mna turufu 9. Yule Mfaransa Jean-René Vernes ndiye aliyetuonyesha kwamba ukiwa na turufu 9 na mwenzako ngazi ya 3 ni salama mara nyingi, Larry Cohen akaja kuisambaza miaka ya 1990.

Lakini hebu tulia kidogo uifikirie Acol yenu, watu wanaidharau bure. Ami kafungua 1 shupaza. Kama ana shupaza 4 tu na mkono umelingana, basi lazima awe na 15 kwenda juu, manake angekuwa na 12 hadi 14 angesema 1 bila turufu. Na kama ana mkono usiolingana, angekuwa na uru au pau 5 angefungua hizo kwanza, kwa hiyo shupaza zake karibu kila mara ni 5. Maana yake ama ana turufu ya tano ama ana nguvu ya ziada. Kote kuwili 3 shupaza yako inasimama. Mfumo ulikuwa unakwambia kitu kizuri sana ila hukuusikiliza, ulisikiliza ile karatasi.

---

Karata_Muscat:
Asalaam aleikum. Mimi niko Muscat huku, tunacheza shupaza 5 na nyongeza za Bergen. Kwa mkono huo mimi nasema 3 pau, haina uhusiano wowote na pau, maana yake nina turufu 4 na pointi 7 hadi 10. 3 uru ni turufu 4 na 10 hadi 12. Na 3 shupaza moja kwa moja ni mkono dhaifu wa kuwazibia wapinzani njia. Raha yake ni kwamba mwenzangu anajua papo hapo turufu ni 9. Mchukueni ami mumfundishe, ni kitu cha jioni moja.

Ila sikubali 3 shupaza ya Acol kirahisi hivyo. Ami akiwa na mfalme, bibi na ghulamu za kopa juu ya ile 5 yako, pointi 6 zimekufa pale, na yeye anaziona kama dhahabu. Atakwenda 4 ataanguka.

---

BintiLamu:
Wa aleikum salaam. Hapo kwenye kopa uko sahihi kabisa na ndio ugumu wenyewe wa mkono huu. Ree ya kopa aliyokuwa nayo ami ilikuwa inafanya kazi, mfalme na bibi zingekuwa zimelala. Lakini Bergen yako haijibu hilo, 3 pau inamwambia turufu nne, haimwambii kwamba kopa ni moja. Splinta ndiyo ingemwambia, ile ya kuruka hadi 4 kopa kuonyesha kopa ni moja au hakuna, sasa hiyo inataka mkono mzito kuliko huu.

Na tupige hesabu basi. Timu, valnerabo. Ukienda gemu ukapata badala ya kubaki chini unavuna impi 10, ukianguka moja unapoteza 100 badala ya kuchukua 140, hiyo ni impi 6. Kwa hiyo gemu inayofaulu mara 4 kati ya 10 tayari inalipa. Usipokuwa valnerabo ni 6 kwa 5, hapo unataka karibu nusu. Kwenye machipointi, pale unapolinganishwa na kila meza, mimi mwenyewe ningekuwa mpole kidogo, ingawa bado 3, manake wapinzani wana pointi 19 na kopa 8, ukisema 2 tu unawaachia mlango wazi waingie. Jana walinyamaza, kesho hawatanyamaza.

La kumfundisha mzee kwa jioni moja mimi silikubali. Nimewahi kuongeza nyongeza tatu mwezi mmoja na mwenzangu mtu mzima, tukawa tunasahau nani anacheza nini, nikapasi 3 pau yake nikamwacha acheze na pau 2 mezani. Mfumo ni ahadi kati ya watu wawili, na ahadi ambayo mmoja haikumbuki ni mbaya kuliko kutokuwa nayo.

---

Shupaza_Tisa:
Mimi ningebadilisha mstari mmoja tu kwenye karatasi yenu. Futeni "10 hadi 12", andikeni "turufu 4 na karata za kupoteza 8". Acol ibaki vile vile.

---

Kisauni_Kadi:
Ahsanteni sana wote, nimejifunza kuliko nilivyotegemea. Leo baada ya alasiri nimekwenda kwa ami na daftari, nikamwandikia ile mikono miwili ya Shupaza_Tisa bila kumwambia kitu, nikamuuliza kila mmoja angesema nini. Wa kwanza kaangalia hata sekunde tano hazijafika kasema "tatu". Wa pili kasema "mbili, tena kwa shingo upande". Nikamuuliza mbona karatasi yetu inasema vingine, kanijibu ile karatasi aliiandika kwa ajili yangu nilipokuwa najifunza, alidhani nimeshaiacha zamani. Kumbe yeye alipopasi jana na pointi 14 na shupaza tano alikuwa anaamini kwamba ningekuwa na kopa moja ningeshasema 3!

Basi tumekaa mpaka magharibi, kachukua kalamu yeye mwenyewe kaufuta ule mstari kaandika mpya. Bergen nimemtajia, kasema tuongee baada ya Ramadhani. Jumamosi tuna mechi nyingine, nitaleta mikono hapa.