Nikishuka kwenye mzani moyo unavunjika siku nzima. Mliopitia haya mlitokaje?

Mama Pacha
Habari zenu wadau. Naombeni ushauri, ila msinitajie mlo mwingine mpya. Shida yangu iko kichwani.

Nina miaka 38. Mwaka jana nilitoka kilo 91 hadi 83, kisha zikarudi zote na mbili za ziada. Sasa niko wiki ya 6 tangu nianze upya. Kila asubuhi napima kabla hata ya kunywa maji, mpaka hereni navua. Juzi ilikuwa 89.4, jana 90.6. Nikajiambia, "Wewe hujawahi kuweza kitu." Usiku nikala kwa hasira mpaka tumbo likauma, maana siku si ilishaharibika. Na kabatini nina gauni la kijani, lebo bado inaning'inia. Nililinunua dogo makusudi ili linisukume. Nikifungua mlango tu linanisuta. Mume wangu hajawahi kunisema hata siku moja, anayenisema ni mimi.

Hatua Kumi
Pole sana dada. Nianze na hiyo kilo na ushei: si mafuta. Kilo moja ya mafuta ni kalori kama 7,700 zaidi ya ulizotumia, hazipatikani kwa siku moja. Ni maji. Chumvi ikizidi mwili unayashika, wanga ukihifadhiwa kwenye misuli unakaa na maji yake, na hedhi ikikaribia ndiyo kabisa. Mimi napima kila siku ila nauamini wastani wa siku 7 tu. Halafu wewe umetoka 93 hadi 89 na kitu kwa wiki 6. Huo ni mwendo mzuri, mbona hukuutaja?

Sasa kichwa. Nami niliamini nikijitukana ndiyo nitanyooka. Nikachukua daftari, kwa siku 14 nikaandika kila neno nililojiambia na saa yake, na pembeni nilivyokula. Siku 9 nilijitukana asubuhi. Katika hizo 9, siku 8 niliishia kula usiku nimesimama jikoni, taa sijawasha. Daftari lile ndilo lililonibadilisha, si maneno ya mtu.

Mwanasaikolojia Albert Bandura aliandika mwaka 1977 kwamba kinachomjengea mtu imani kuliko vyote ni kuwa ameshafanya jambo na likawezekana. Kwa hiyo nilijiwekea ahadi ndogo nisiyoweza kuivunja hata siku mbaya: dakika 10 za kutembea baada ya mlo wa jioni. Nikiteleza, mlo unaofuata nakula kama kawaida. Sijishindishi njaa kulipia, maana ile njaa ndiyo inayokurudisha jikoni usiku.

Mzee wa Mazoezi
Naongeza kidogo. Uzito ukishuka, homoni ya leptini inapungua na njaa inapanda. Mwili unapigania kilo zake, kwa hiyo zile za mwaka jana usiziite uvivu. Hilo gauni litoe ndani, vaa linalokutosha leo. Na kama kula kwa hasira kunatokea mara kwa mara na unashindwa kujizuia, mwone daktari au mshauri nasaha. Kuna tiba yake.

Bint Salama
Kwenye kupima kila siku natofautiana na Hatua Kumi. Yeye namba haimuumizi, dada huyu inamuumiza. Mimi niliuficha mzani miezi miwili, nikawa najipima kwa ngazi: napandaje bila kuhema. Usingizi ulirudi.

Mama Pacha
Nimesoma zaidi ya mara moja, na machozi yamenitoka. Gauni nimempa mdogo wangu, limemkaa vizuri. Mzani nimemkabidhi mume wangu, atanipa Jumapili. Hatua Kumi, mvua ikinyesha hizo dakika 10 unatembelea wapi?

Hatua Kumi
Sebuleni, kutoka dirishani hadi mlangoni na kurudi. Watoto wangu walishazoea, siku hizi mdogo ananifuata nyuma.