Daktari wa meno anayeanza kazi: aajiriwe, alipwe kwa asilimia au afungue kliniki?

Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho
Habari zenu wanataaluma. Nimebakiza miezi michache kuhitimu udaktari wa kinywa na meno, na kinachonisumbua si mitihani bali ni namna ya kuingia kazini. Walimu wetu wengi waliajiriwa kwa muda mfupi tu, kisha wakafungua kliniki zao. Lakini waliotutangulia kwa miaka mitano au sita karibu wote bado wameajiriwa, wengine wakigawa wiki moja kati ya kliniki mbili au tatu. Je, mabadiliko haya yametokana na nini, na anayeanza aangalie nini kabla ya kutia saini mkataba?

Mwenye kliniki
Mdogo wangu, sababu kubwa ni mtaji. Daktari wa magonjwa ya kawaida anaweza kuanza na meza, kitanda na vipimo vichache, lakini sisi hatuwezi kumhudumia ipasavyo hata mgonjwa mmoja bila kiti cha meno, kompresa ya hewa, mashine ya kufyonza mate, otoklevu ya kuua vijidudu kwenye vifaa, na eksirei, na vyote hivyo vinadai matengenezo, wagonjwa waje wasije. Ongeza deni la masomo: nchini Marekani, wahitimu waliokopa hutoka chuoni wakidaiwa kwa wastani karibu dola 300,000, na huko idadi ya wanaomiliki kliniki ikilinganishwa na walioajiriwa imekuwa ikishuka, huku kampuni zenye matawi mengi zikiwachukua vijana. Inaniuma kusikia watu wakisema vijana hawataki kujitegemea, ilhali gharama ya kujitegemea si ile tuliyoikuta sisi.

Ninayelipwa kwa asilimia
Mimi nitajibu la mkataba, kwa kuwa limenigharimu. Usiulize tu utapata asilimia ngapi. Uliza ni asilimia ya nini. Kuna asilimia ya fedha zilizotozwa na asilimia ya fedha zilizokwisha kupokelewa, na bima ikichelewa kulipa, tofauti hiyo inaonekana mezani kwako mwisho wa mwezi. Uliza pia kama gharama ya maabara inayotengeneza meno bandia hukatwa kabla ya mgawo au kwenye fungu lako peke yako, na kazi ikirudiwa ni nani anayebeba hasara.

Kuna jambo zito zaidi. Majuzi nilitibu mzizi wa gego la chini ambalo mifereji yake ilikuwa imepinda vibaya. Nilikaa nimeinama karibu saa mbili, nikipitisha faili, yaani vijisindano vya kusafishia mifereji ya mzizi, moja baada ya nyingine na kusafisha kidogo kidogo ili isikatikie ndani. Mwenzangu wa chumba cha pili aliziba meno manne kwa muda huohuo, akapata zaidi yangu. Jino lile lingeng'olewa kwa dakika kumi na tano, na ninakiri kwamba malipo ya namna hii humjaribu daktari kila siku. Uingereza waliliona hilo kwa sura nyingine: mkataba wa huduma ya umma ulioanza mwaka 2006 ulipanga matibabu kwa makundi, ikawa kwa miaka mingi kuziba jino moja kulihesabiwa sawa na kuziba matano ya mgonjwa yuleyule.

Mtumishi wa hospitali ya umma
Naomba ajira ya umma isisahaulike. Mshahara ni mdogo, ila una likizo, pensheni na wakubwa wa kukuelekeza. Tena uhitaji ni mkubwa: Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2022 kwamba watu wapatao bilioni 3.5 wana magonjwa ya kinywa, na kanda yake ya Afrika ina takriban daktari wa meno 0.33 kwa kila watu 10,000, yaani sehemu ya kumi ya wastani wa dunia. Hata hivyo wahitimu hukosa kazi mijini, kwa sababu nafasi hufuata bajeti na uwezo wa wagonjwa kulipa, wala hazifuati maumivu. New Zealand ilianza mwaka 1921 kufundisha wauguzi wa meno wa kuhudumia watoto shuleni, na mimi naamini kada za namna hiyo zinamwachia daktari kazi inayomhitaji yeye.

Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho
Nawashukuru sana. Swali moja limebaki: mkataba niliopewa unanikataza kufanya kazi karibu na kliniki hiyo kwa miaka miwili baada ya kuondoka. Je, ni kawaida?

Mwenye kliniki
Kipengele hicho kipo katika mikataba mingi, lakini hujadiliwa. Omba muda na umbali vipunguzwe, umwonyeshe mwanasheria, na jibu lao ulipate kwa maandishi.