Kompyuta ndogo yenye nguvu: kipozeo cha hewa au cha maji? Nataka kulipia wiki hii

Kinyonga88
Wakuu habari zenu. Nataka kuunda kompyuta ya mezani iliyo ndogo lakini yenye nguvu, isizidi lita 15. Nimebakiza vitu viwili tu, kasha na kipozeo. Kwenye kasha niko kati ya Fractal Terra na Cooler Master NR200. Kwenye kipozeo ndiyo sielewi kabisa, wengine wanasema hewa, wengine maji. Nataka kulipia kabla wiki haijaisha. Nisaidieni, hewa au maji?

ngoja_waje
Ngoja waje wajuvi. Mimi nimekaa paleee na daftari langu.

Mzee wa Skrubu
Mleta mada, umeenda kwa daktari ukaomba dawa bila kusema unaumwa nini. Prosesa gani? Kadi ya grafiki gani, urefu milimita ngapi, unene je? Unachezea magemu au unafanyia kazi inayoibana mashine saa nzima?

Halafu NR200 ni lita 18 na robo, kwa hiyo lita zako 15 umezivuka mwenyewe kabla hatujaanza. Terra ni lita 10 na ushee. Hayo makasha hayafanani hata kidogo. NR200 ni kasha la kawaida lililopunguzwa, kadi unaichomeka moja kwa moja kwenye bodi. Terra ni sandwichi: bodi upande huu, kadi upande wa pili, na kebo ya raiza inaziunganisha.

Bi Rejeta
Maji, bila kufikiri mara mbili. Chukua Lian Li A4-H2O, lita 11, rejeta (ile sehemu ya mapezi inayopoza maji) ya milimita 240 inakaa juu kabisa na feni zinatupa joto nje moja kwa moja. Kipozeo cha hewa chenye kimo cha milimita 47 kinachukua joto na kulimwaga humo humo ndani, kisha kinalivuta tena. Na rejeta ikiwa juu ya pampu, mapovu yanapanda kwenye rejeta, pampu haiyaoni. Watu wanaofunga rejeta chini ndio wanaokuja kulalamika kwamba pampu inagugumia.

NusuWati
Dada Rejeta, maji hayafuti joto, yanalihamisha. Wati 500 zikiingia kwenye plagi, wati 500 zinaishia chumbani kwako, uwe na rejeta au usiwe nayo. Kwenye kasha dogo mimi naanza na swali jingine: unairuhusu mashine itumie wati ngapi?

Mfano, prosesa ya Ryzen 9 7950X ukiiacha ilivyotoka kiwandani inaruhusiwa kufika wati 230, na imepangwa ipande hadi nyuzi 95 na ikae hapo hapo. Ukiingia BIOS (menyu ya mipangilio ya bodi) ukawasha Eco Mode, hali ya kubana umeme, ya 105, inaishia wati 142. Ukiweka ya 65, inaishia wati 88. Hapo kipozeo kifupi cha hewa kinapumua.

Bi Rejeta
Yaani ununue prosesa ya nguvu halafu uifunge kamba? Si bora ununue ndogo tangu mwanzo ubaki na hela yako.

NusuWati
Hapana. Zile wati za mwisho ndizo zenye faida ndogo kuliko zote. Megahezi chache za juu zinadai volti kubwa, na volti ikipanda, joto linakimbia kuliko kasi. 7950X iliyobanwa kwenye wati 88 bado inaiacha mbali prosesa ya kore nane iliyoachiwa yote, ukiwa unarenda, yaani unachakata picha za 3D. Yangu nimeibana hivyo na sijawahi kujuta.

Kinyonga88
Samahani wakuu, nilikuwa kazini. Mchana ni kurenda Blender, usiku magemu. Prosesa bado sijanunua, niko kati ya 7950X na 7800X3D. Bodi ni Mini-ITX (ile ndogo) ya soketi ya AM5. Kadi tayari ninayo, RTX 4080 Super ya feni tatu.

Mzee wa Skrubu
Umeshanunua kadi kabla ya kasha? Haya. Chukua rula, pima, leta namba hapa. Usiniletee za kichwani.

Kinyonga88
Nimepima. Urefu 337, unene 67.

Mzee wa Skrubu
Sawa. Terra mwisho wa urefu wa kadi ni 322. A4-H2O ya dada yetu, 322 vilevile. NR200 ni 330. Hata ukikimbilia Fractal Ridge ya lita 12.6, mwisho ni 335. Umezikosa zote nne, na ile ya mwisho umeikosa kwa milimita 2. Unene nao, sloti tatu (nafasi za kadi kwenye kasha) ni karibu milimita 61, wewe una 67.

Kwa hiyo mjadala wa hewa na maji tuufunge kwanza, huna kasha.

ngoja_waje
Milimita 2 zimeniuma mimi ambaye sinunui chochote.

TupaNaMsasa
Mbona rahisi. Ridge piga tupa kidogo ukingoni, inaingia.

Mzee wa Skrubu
Na ule unene utaupigia tupa wapi?

Feni_Mbili
Mkuu Kinyonga, kuna njia ya kuivua kadi nguo. Toa lile ganda la plastiki na zile feni zake tatu, ubaki na mapezi ya alumini tu. Mara nyingi ganda ndilo linalorefusha kadi, bodi yenyewe ya ndani ni fupi. Ukipata nafasi kwenye NR200, funga feni mbili za milimita 120 chini, zenye unene wa 25, zinapuliza juu kwenye mapezi. Kelele inashuka sana kwa sababu feni kubwa inazunguka polepole. Tatizo ni waranti, ukifungua skrubu yenye stika umeagana nayo.

Bi Rejeta
Kadi mpya kabisa ivuliwe nguo? Hapana jamani. Auze achukue fupi. RTX 4080 Super ya NVIDIA yenyewe ina urefu wa 304, na RTX 5080 yao ni 304 pia lakini sloti mbili tu, ingawa inakula wati 360.

PilipiliHoho
Naomba kuuliza bila matusi. Kwa nini asinunue laptopu yenye RTX 4090 amalize kazi?

NusuWati
Kwa sababu hiyo 4090 ya laptopu ina chipu ya daraja la 4080 ya mezani, kore 9,728, na inapewa wati 150, zikiongezwa sana 175. Jina moja, vitu viwili tofauti. Kadi aliyonayo mezani tayari inaishinda.

PilipiliHoho
Lakini laptopu ina skrini na kibodi. Hesabu na hivyo.

NusuWati
Na ina feni mbili nyembamba zinazolia sikioni kwako. Tusitoke nje ya mada.

fundi_kimya
Kabla hamjampeleka ndugu yetu kwenye sandwichi, nisikilizeni kidogo.

Nilikuwa na kasha la lita 9, kampuni siitaji, lilikuja na kebo ya raiza ndani. Kompyuta ikawaka vizuri, Windows ikaingia, draiva zikaingia. Nikifungua gemu, baada ya muda mfupi skrini inakuwa nyeusi tii, feni za kadi zinapanda kasi ya mwisho, huku sauti ya gemu inaendelea kwenye spika kana kwamba hakuna kilichotokea. Siku nyingine haizimi, inakwama kwama tu. Ukifungua kumbukumbu za makosa za Windows, zimejaa WHEA, yaani makosa ya vifaa.

Nikafuta draiva nikaweka upya. Nikaacha RAM inapimwa usiku kucha, safi. Jamaa wa dukani akaapa ni pawasaplai, nikanunua nyingine kubwa zaidi. Pale pale. Kadi nikairudisha, wakaichomeka kwenye mashine yao kubwa, ikacheza gemu mchana kutwa, wakanirudishia na kejeli juu. Hakuna aliyewaza kwamba kwao kadi imekaa kwenye bodi moja kwa moja, kwangu imepitia kebo.

Kilichomaliza kesi ni kuingia BIOS na kuishusha sloti ya kadi kutoka PCIe Gen 4 hadi Gen 3 (vizazi vya kasi ya njia inayounganisha kadi na bodi). Kimyaa. Kebo ilikuwa ya Gen 3. Bodi na kadi zikikutana zinakubaliana kasi ya juu zinayoijua zenyewe, kebo ya katikati haiulizwi. Kwenye tangazo la kasha hakukuwa na neno hata moja kuhusu hilo. Nikawaandikia watengenezaji, wakanijibu kebo yao ni ya kiwango cha juu, nisasishe BIOS. Nikawapiga picha maandishi yaliyochapwa kwenye kebo yenyewe, pale kwenye mkunjo karibu na plagi. Hawakujibu tena hadi leo.

Kwa hiyo mimi sandwichi basi. Bora NR200 kubwa kidogo, kadi ikae kwenye bodi.

Mzee wa Skrubu
Pole fundi. Ila tuwe wakweli, Terra inakuja na raiza ya Gen 4. Hiyo hadithi yako ni ya makasha ya zamani.

fundi_kimya
Na kadi za RTX 50 ni Gen 5. Dada amemshauri achukue 5080. Akiiweka kwenye raiza ya Gen 4 na kuacha BIOS ijiamulie, ngoma inarudi ile ile. Aishushe kwa mkono hadi Gen 4 siku ya kwanza, tena kabla hajafunga mfuniko.

PilipiliHoho
Na ukishusha Gen, si unapoteza kasi?

fundi_kimya
Kidogo sana kwenye kadi inayotumia njia zote 16 za PCIe. Wanaoumia ni wenye kadi za njia 8, kama RTX 4060 au RX 7600, hasa memori ya kadi ikijaa.

Feni_Mbili
Turudi kwa Kinyonga. Akipata kadi nyembamba, Terra ina kitu kimoja kizuri, ule ukuta wa katikati unasogezwa. Ukiusogeza upande wa kadi, kipozeo kinaweza kufika milimita 77, hapo Noctua NH-L12S ya milimita 70 inaingia. Ukiwa na kadi nene unarudishwa hadi 48, unabaki na vitu kama Thermalright AXP90-X47. Kwa 7800X3D inatosha, kwenye magemu haili wati nyingi. Kwa 7950X ya kurenda, ndipo utamkumbuka NusuWati.

Kwenye NR200 unaweka kipozeo cha mnara kabisa, mwisho 155. NH-D12L ina 145, inapita bila shida.

Bi Rejeta
Na anayerenda saa nzima mnampa milimita 48? Hivi mmewahi kukaa chumba kimoja na feni ndogo inayokimbia mchana kutwa?

Feni_Mbili
Pampu nayo inazeeka, dada. Feni ikifa unaisikia, unabadilisha kwa skrubu nne. Pampu ikifa unang'oa kila kitu. Na maji yanapungua taratibu kupitia mipira hata pasipovuja tone.

Bi Rejeta
Yanapungua baada ya miaka. Kufikia hapo na prosesa utakuwa umebadilisha.

TupaNaMsasa
Mmesahau pesti, ile inayokaa kati ya prosesa na kipozeo. Mimi natumia ile karatasi ya Honeywell, PTM7950. Unaibandika ikiwa ngumu, ikipata joto la kama nyuzi 45 inalainika na kujaza yenyewe. Haikauki, haikimbii pembeni. Pesti za bomba nimeziacha.

Mzee wa Skrubu
Pesti ya bomba kiasi cha punje ya njegere inatosha, haya mengine ni mbwembwe.

TupaNaMsasa
Punje moja kwenye AM5? Kile kifuniko kina mapengo pembeni yenye vikondesa vidogo. Ukikosea kiasi inaingia humo, unakaa na kijiti cha meno unachokonoa.

Mzee wa Skrubu
Pesti isiyopitisha umeme ikiingia humo haiui kitu. Inachafua tu.

TupaNaMsasa
Inachafua na inaudhi. Halafu karatasi ni ile ile kila mara, hakuna kubahatisha.

ngoja_waje
Karatasi inakatwa na mkasi wa kawaida?

TupaNaMsasa
Wembe. Iweke kwenye friji kidogo kwanza, la sivyo filamu ya juu inabanduka na nusu yake.

Kinyonga88
Asanteni wakuu, nimejifunza mengi. Jamaa mmoja amekubali kubadilishana nami kadi, yake ni ya 304, sloti tatu. Kitu kimoja nilisahau kukisema, nitakuwa nasafiri nayo mara kwa mara, inaingia kwenye begi la mgongoni.

Mzee wa Skrubu
Sasa ndiyo unasema! Basi NR200 yenye kadi nzito na mnara juu ya bodi siipendi, sloti itabeba uzito kila begi linapodunda. Ukiichukua, toa kadi kila safari, na huo mnara nao uushike vizuri na sponji.

fundi_kimya
Atoe kadi, ni skrubu mbili. Bado ni bora kuliko raiza.

Bi Rejeta
A4-H2O ni lita 11 na kadi ya 304 inaingia. Nasema tu.

NusuWati
Popote utakapoangukia, ile kebo ya umeme ya kadi, yenye pini 12 na zile 4 ndogo, iache inyooke kama milimita 35 kabla ya kuikunja. Kwenye makasha haya mfuniko wa pembeni ndio unaoikandamiza, na kichwa kikikaa upande kinaungua. Pima na hiyo kabla ya kulipa.

Kinyonga88
Terra au A4-H2O basi, nalala nazo leo. NR200 imeshatoka, begi halifungi. Halafu mkuu NusuWati, kwa kompyuta niliyonayo sasa feni inapanda na kushuka kila nikifungua ukurasa, vuuu, inanyamaza, vuuu. Nayo hiyo ni joto?

NusuWati
Hapana, prosesa inaruka nyuzi kumi na kitu kwa sekunde moja halafu inarudi, na feni inaifuata. Ingia BIOS kwenye mpangilio wa feni, tafuta sehemu ya kuchelewesha, weka sekunde 5 hivi za kupanda, na zaidi kidogo za kushuka. Mstari wa kasi ya feni uache ulale hadi nyuzi 60.

PilipiliHoho
Kwangu hiyo sehemu ya kuchelewesha haipo. Bodi yangu ni ya zamani kidogo, nitumie programu gani?