Mojo, hii lugha mpya ya programu, "ni Python tu ila ina kasi", kweli au tunauziwa mbuzi kwenye gunia?

kijana_wa_Chuno
Habari za mida hii wakuu. Niko Mtwara mjini, kuna chama cha msingi nawasaidia hesabu za korosho, msimu ukifunguliwa wananitumia mafaili ya Excel ya kilo za kila mkulima, skripti yangu (programu fupi) ya lugha ya Python inazidisha na bei ya mnada inatoa makato inatema orodha ya malipo. Sasa imekuwa nzito, dakika 4 na ushee, umeme ukikatika katikati naanza moja. Jamaa yangu kanambia hamia Mojo, "ni Python ile ile ila kasi mara 35,000". Swali: lugha wakisema inaendana na Python ndo nachukua faili langu lilivyo naliweka pale linapiga kazi? Natumia pandas na openpyxl (laibrari, yaani kodi zilizoandikwa tayari, za kuchakata majedwali na kusoma Excel).

FundiMikindani
Mdogo wangu hapo kwenye "ile ile" ndo watu wanapigwa. Kuna kufanana sura na kuna kufanana tabia. Boliti inaweza kuingia kwenye nati, mizunguko miwili ya kwanza laini kabisa, afu inakwama kumbe uzi haulingani.

Mojo ni ya Modular, kampuni ya Chris Lattner, yule aliyeanzisha LLVM (mfumo wa kutengenezea kompaila) na lugha ya Swift. Ilivyotangazwa 2023 walisema lengo ije iimeze Python yote, yaani kodi yoyote ya Python ipige kazi humo, baadae wakapunguza sauti. Mi nilivyoigusa hata class (namna ya Python ya kufunga data na kazi zake pamoja) haikuwepo, kuna struct inayofanana nayo tu. Pandas utaiita ndiyo, ila inaitwa kupitia Python ya kawaida iliyoko kwenye mashine yako, kwa hiyo kipande hicho kasi haibadiliki. Na hiyo 35,000 ilipimwa kwenye hesabu ya Mandelbrot (mchoro wa kihisabati, namba tupu), sio Excel ya korosho 😂

dada_Nachingwea
Naongezea kwa Fundi. Usiangalie kama inasoma maandishi yako, angalia inatoa jibu gani. Tuseme kilo 126.5 kwa bei 2,341, inakuja 296,136.5. Python 3 ukiiambia round (ikadirie iwe namba kamili) inakupa 296,136, maana nusu kamili inaipeleka kwenye namba shufwa. Sisi shuleni tulifundishwa 296,137. Lugha mpya ikiamua kufuata ya shuleni haigomi wala haikuonyi, mkulima mmoja anapata shilingi ya ziada na hesabu za ghala hazifungi, utakesha unatafuta.

Namba kamili nazo za Python hazina kikomo, zinakua mpaka memori iishe. Kwenye Codon (lugha nyingine ya kufanana na Python, ya watu wa chuo cha MIT Marekani) ni biti 64 basi, ikizidi hapo haiingii, na wenyewe wameandika wazi kwenye maelezo yao, nawaheshimu kwa hilo.

babu_wa_Mitwero
Jamani tuwe na kiasi, Python yenyewe haiendani na Python. Python 3 ilitoka 2008, 5/2 iliyokuwa 2 ikawa 2.5, hiyo round ya dada nayo ilibadilishwa hapo hapo, na watu wakagoma kuhama mpaka Python 2 ikaachwa rasmi 1 Januari 2020. Ni kama Kimakonde cha Newala na cha ng'ambo ya Ruvuma, sokoni mnaelewana vizuri tu, ila mkataba wa shamba usiandikiane hivyo hivyo.

Kwangu mimi inayostahili kusema inaendana na Python ni PyPy (programu nyingine ya kuendeshea kodi ya Python kwa kasi), wale wanajipima kwa majaribio ya Python yenyewe. Hata hivyo laibrari zenye kodi ya lugha ya C ndani kama pandas humo zinachechemea. Kijana, ushapima muda unaliwa wapi? Endesha na cProfile kwanza, kile kipimo cha Python kinachoonyesha kila kipande kinakula muda gani.

kijana_wa_Chuno
Shikamoo babu. Nimepima jana usiku na naona aibu kusema, nilikuwa nafungua lile faili la Excel ndani ya luupu, yaani kila mkulima analifungua upya 🙈 nimelitoa nje, sasa hivi sekunde 11. Mojo basi tena.

Ila dada umenitia presha, nimefungua skripti nakuta round iko sehemu tatu, na karani wa chama anakokotoa kwa kalkuleta ile ya shuleni. Kesho asubuhi naenda ofisini kwao kabla hawajaanza kulipa.

dada_Nachingwea
Wahi. Na hizo za msimu uliopita je?